Sabuni ilivyonunua picha za enzi za Victoria

Mwaka 1904 mkandarasi wa Kiingereza, Sir John Aird, ambaye kampuni yake ndiyo iliyojenga bwawa la Aswan huko Misri, alipokea picha aliyomwagiza mchoraji Lawrence Alma-Tadema. Inamwonyesha binti Farao akibebwa kurudi nyumbani na mtoto Musa aliyemwokota mtoni. Bei ilikuwa pauni 5,250. Mwaka 1935 picha hiyo hiyo iliuzwa kwa pauni 861. Mwaka 1942 ikashuka hadi 265. Mwaka 1960 ilipelekwa mnadani, bei ikagota kwenye 252, na mwenyewe akairudisha bila kuuza. Kisha mambo yakageuka. Mei 1995 iliuzwa New York kwa pauni milioni 1.75, na Novemba 2010, pia New York, nyundo ya dalali ilipogonga na ada kujumlishwa, hesabu ilifika dola milioni 35.9.

Kwa mahesabu ya haraka, mtaji ule wa kwanza umekua kwa asilimia 8 hivi kila mwaka kwa miaka 106, kabla ya kutoa bima, ada za mnada na kushuka kwa thamani ya pauni. Si haba. Kasoro yake ni kwamba hakuna mwekezaji anayeishi kusubiri miaka 106. Aliyeinunua kwa bei ya mwanzo na kubanwa kuuza mwaka 1960 angepoteza zaidi ya shilingi 95 katika kila 100.

Mwenendo huo wa bei ndio mizani ya kupimia jumba moja la sanaa lililopo Port Sunlight, ng'ambo ya mto Mersey kutoka Liverpool. Jumba hilo, Lady Lever Art Gallery, lilijengwa na William Hesketh Lever, mtengenezaji wa sabuni ya Sunlight, kwa kumbukumbu ya mkewe Elizabeth aliyefariki mwaka 1913. Ndani yake zimo picha za wakubwa wote wa enzi ya Malkia Victoria: Millais, Rossetti, Leighton, Burne-Jones, Holman Hunt, na huyo huyo Alma-Tadema. Karibu zote zilinunuliwa kabla bei hazijaporomoka.

Lever alizaliwa mwaka 1851 mjini Bolton, mtoto wa muuza vyakula wa jumla. Wakati huo sabuni Uingereza iliuzwa jinsi sabuni ya mche ilivyouzwa madukani kwetu: mche mrefu, mwenye duka anakata kipande na kupima. Lever na nduguye James walipoingia biashara hiyo mwaka 1885, waliifunga sabuni kwa vipande vilivyokwisha kukatwa, ndani ya karatasi yenye jina. Waliipika kwa mafuta ya mimea, ya mbata na mengineyo, zaidi kuliko desturi ya shahamu za wanyama. Mteja akaanza kuomba jina badala ya kuomba sabuni. Hapo ndipo matangazo yakawa na maana, na hapo ndipo picha zikaingia.

Aliyetangulia ni mshindani. Mwaka 1886 Millais alimchora mjukuu wake akipuliza mapovu. Thomas Barratt wa kampuni ya sabuni ya Pears aliinunua picha hiyo pamoja na hakimiliki kwa pauni 2,200, akaongeza kipande cha sabuni kwenye nakala zake na kuibandika kila mahali. Lever hakulala. Mwaka 1889 alinunua picha ya W. P. Frith ya msichana anayeonyesha vazi lake jeupe, akaigeuza tangazo la Sunlight. Frith hakufurahi, lakini picha ilikwisha kuuzwa. Wateja waliorudisha karatasi za kufungia sabuni nao wakawa wanapewa nakala za picha za kutundika nyumbani. Kwa lugha ya leo, Lever aliingiza ununuzi wa sanaa kwenye fungu la matangazo, si la anasa. Mwaka 1917 aliinunua Pears yenyewe, na mtoto wa mapovu akawa wake.

Baadaye alinunua kwa mapenzi, na kwa jicho la mfanyabiashara anayejua nani amebanwa. Fuatilia picha moja uone. Leighton alichora msafara mkubwa wa Wagiriki, upana wa zaidi ya mita 5, kwa agizo la Stewart Hodgson, mbia wa benki ya Barings. Mwaka 1890 Barings ikakaribia kuanguka kwa sababu ya madeni ya Argentina, na Hodgson akafilisika pamoja na vitu vyake. Picha ikaangukia kwa George McCulloch, aliyetajirika kwa machimbo ya Broken Hill huko Australia. McCulloch akafariki, mali yake ikapigwa mnada London mwaka 1913, na Lever akawa mmoja wa wanunuzi wakubwa. Benki, madini, sabuni: picha ile ile ilihama ukutani kila fedha ilipohama mfukoni. Ya Burne-Jones inayomwonyesha mchawi Merlin nayo iliagizwa na Frederick Leyland, mwenye meli wa Liverpool. Lever aliipata mwaka 1918.

Upande wa sanamu hakuwa mnunuzi wa bei moja. Mwaka 1917, mali ya ukoo wa Hope iliponadiwa, alichukua sanamu za kale za Kigiriki na Kirumi. Za wakati wake alipenda marumaru laini kama ya Onslow Ford, msichana aliyelala juu ya theluji, iliyochongwa mwaka 1901. Sanamu haifai kwa karatasi ya sabuni na kuihamisha ni gharama, hivyo hapa Lever alinunua kwa macho yake tu.

Kwamba alijiona mwenye mali kwa maana kamili ya neno, kuna kisa cha mwaka 1920. Alimwagiza Augustus John amchore, picha hakuipenda sana, ikawa haiingii kwenye kasha lake la fedha. Akakata kichwa akakihifadhi, na mabaki yakarudishwa kwa mchoraji kwa makosa. Wachoraji wa Ulaya wakachachamaa. Vipande viliunganishwa baadaye, na alama ya mkato bado inaonekana kwenye picha hiyo, ambayo leo ni mojawapo ya vivutio vya jumba.

Wafanyakazi wake aliwajengea kijiji kizima, zaidi ya nyumba 800. Alipoulizwa kuhusu kugawana faida, jibu lake lilikuwa kwamba wakipewa taslimu zitaishia kwenye pombe na peremende, hivyo afadhali wamwachie yeye awatumilie kwa nyumba na mambo mema. Mwenye hisa ndogo yeyote aliyewahi kuambiwa kuwa gawio lake limerudishwa kwenye maendeleo ya kampuni anaijua lugha hiyo.

Tena wapo waliolipa bila kuishi kijijini. Mwaka 1911 Lever alitia mkataba na serikali ya Ubelgiji, akaruhusiwa kuchagua hadi hekta 750,000 za michikichi nchini Kongo. Kampuni ikaitwa Huileries du Congo Belge, na makao kwenye mto Kwilu, Lusanga, yakabatizwa Leverville. Watu walilazimishwa kukata mikungu ya chikichi, na kodi ya mkoloni ilikuwa fimbo ya kuwasukuma. Mwaka 1931, bei ya matunda ilipokatwa wakati wa mdororo wa dunia huku kodi ikibaki, Wapende waliasi na mamia yao wakauawa na askari wa mkoloni.

Jumba lenyewe nusura lisimalizike. Mapema mwaka 1920 Lever aliinunua Niger Company ya Afrika Magharibi kwa zaidi ya pauni milioni 8 bila kupekua vitabu vyake. Vilipofunguliwa, likakutwa deni la benki la pauni milioni 2. Miezi michache baadaye bei ya mawese na mali ghafi nyingine ikaanguka. Benki zikaanza kubisha hodi, na mhasibu D'Arcy Cooper akaletwa kunyoosha hesabu. Katikati ya dhiki hiyo ujenzi uliendelea, na tarehe 16 Desemba 1922 milango ikafunguliwa.

Hatua ya busara kuliko zote ilikuwa kuziweka picha za jumba chini ya wadhamini. Lever alifariki Mei 1925, Cooper akashika uenyekiti, na mwaka 1926 sehemu kubwa ya vitu vya majumbani mwake ilinadiwa New York. Vya jumba vikabaki. Hata hivyo, udhamini si kufuli ya chuma. Mwaka 1958, soko likiwa chini kabisa, baadhi ya picha ziliuzwa London. Aliyeuza wakati huo aliuza kwa bei ya chini, na mlipaji mkubwa alikuwa bado njiani. Mwaka 1963 Luis Ferré, mwenye kiwanda cha saruji huko Puerto Rico, aliinunua kwa pauni 2,000 hivi picha ya Leighton ya mwanamke aliyelala katika vazi la rangi ya chungwa. Leo ndiyo nembo ya jumba lake la Ponce. Wenye viwanda wawili, fikra moja. Ila wa pili alinunua wakati wengine wanatupa.

Tangu 1978 Lady Lever imekuwa chini ya taasisi za umma na kiingilio ni bure. Mashamba ya Kongo Unilever iliyauza mwaka 2009.

Huko Lusanga biashara ya sanaa imeanza upya kutoka upande mwingine. Wakulima wa chama kiitwacho Cercle d'Art des Travailleurs de Plantation Congolaise hufinyanga sanamu kwa udongo wa kwao, na nakala zake humiminwa kwa chokoleti Amsterdam na kuuzwa nje. Mwaka 2017 walifungua jumba lao jeupe la sanaa kwenye ardhi ya zamani ya kampuni, walionyesha kazi zao New York mwaka huo huo, na mwaka 2024 walipewa banda la Uholanzi katika maonyesho ya Venice. Faida ya sanamu hizo wanaitumia kununua mashamba, kipande kwa kipande.