Mataruma ya Reli na Hesabu ya Mianya Sawa

Ujenzi wa reli itokayo Tanga ulianza mwaka 1893, na mwaka 1896 reli hiyo ilifika Muheza, mwendo wa kilometa 40 hivi. Baadaye iliendelezwa kupitia Korogwe na Mombo hata ikafika Moshi mwaka 1911. Upana wake ni mita moja, yaani milimita 1,000 kutoka uso wa ndani wa chuma kimoja hadi uso wa ndani wa chuma cha pili. Chini ya vyuma hivyo yamekingama mataruma, moja baada ya jingine, kama vipandio vya ngazi ndefu isiyokwisha.

Mpango huo waonekana mwepesi. Hata hivyo, kuweka vitu vingi vinavyofanana juu ya mstari mmoja, kwa mianya sawa na kwa mwelekeo ulio sahihi, ni kazi yenye mitego mitatu. Mitego hiyo humkabili fundi aliye njiani na mchoraji aliye ofisini pia.

Kwa nini mianya iwe sawa?

Uzito wa gari moshi hupita katika magurudumu, ukaingia katika vyuma, kisha katika mataruma, na mwisho katika kokoto na udongo. Mahali ambapo mwanya ni mkubwa kuliko kwingine, chuma hupinda zaidi. Boriti iliyoegemezwa ncha zake mbili tu, ikibebeshwa mzigo ule ule katikati, hupinda mara 8 zaidi urefu wake ukizidishwa kwa 2. Reli haiegemei mataruma mawili tu, bali mengi kwa pamoja. Kwa hiyo hesabu yake si hiyo hasa, lakini hatari yake ni ya namna hiyo.

Kuyasongamanisha mataruma nako kuna gharama. Tuseme mwanya ni sentimita 70. Kilometa 40 zitahitaji mataruma zaidi ya 57,000. Mwanya ukiongezwa sentimita moja tu, mataruma yapatayo 800 yatapungua. Kwa sababu hiyo mhandisi huchagua mwanya kwa hesabu, wala si kwa kukisia.

Mtego wa kwanza: idadi

Kipande cha reli chenye urefu wa mita 70, kikigawanywa kwa sentimita 70, kina mianya 100. Je, kinahitaji mataruma mangapi? Wengi hujibu 100, lakini jibu ni 101, kwa kuwa lazima taruma moja liwe mwanzoni kabla ya mwanya wa kwanza. Kanuni hiyo yahusu pia mashamba ya mkonge ya Muheza: mstari wa mita 100, miche ikiwa mbalimbali kwa sentimita 80, una mianya 125 na miche 126.

Ikiwa vipande viwili vya reli vinaungana, taruma la mpakani lihesabiwe mara moja tu. Asiyekumbuka jambo hilo ataagiza mataruma yasiyo na mahali pa kukaa.

Mtego wa pili: kosa linalokusanyika

Tuseme fundi anatumia kijiti cha kupimia, naye anapima kila taruma kutoka kwa lile lililotangulia. Kijiti hicho kimezidi milimita 2. Kosa hilo halionekani kwa macho, lakini baada ya mianya 100 taruma la mwisho limesogea sentimita 20. Dawa yake ni kupima kila alama kutoka mahali pamoja pa kuanzia: sentimita 70, 140, 210, na kuendelea, kwa utepe mrefu ulionyoshwa. Hapo kosa la kuweka alama moja halirithiwi na alama ifuatayo.

Mtego wa tatu: mwelekeo

Taruma lapasa kukutana na reli kwa pembe mraba. Vifungo vyake viwili vimetengwa kwa kipimo kisichobadilika. Likikaa upande kwa nyuzi 5, upana kati ya vyuma huelekea kuwa milimita 1,000 mara kosaini ya nyuzi 5, yaani milimita 996. Likikaa upande kwa nyuzi 10, upana huelekea kuwa milimita 985. Lakini magurudumu yamekazwa kwenye ekseli kwa upana wake yenyewe, wala hayawezi kujipunguza. Hivyo chuma na gurudumu husagana, na usalama wa safari hupungua.

Penye kona mtego huu huwa mkali zaidi. Tuchukue kona ambayo mstari wake wa kati una nusu kipenyo cha mita 200. Chuma cha nje ni kirefu kuliko cha ndani. Fundi akipima sentimita 70 juu ya kila chuma peke yake, baada ya mianya 100 alama ya nje itakuwa nyuma ya alama ya ndani kwa sentimita 35 hivi. Taruma la kuunganisha alama hizo lingekuwa limekaa upande kwa nyuzi 19! Njia iliyo sahihi ni kupima juu ya mstari wa kati tu, na kila taruma kulielekeza kwenye kitovu cha duara.

Kompyuta nayo

Siku hizi michoro ya namna hii hutengenezwa kwa kompyuta. Katika programu ya AutoCAD, iliyotolewa kwanza mwaka 1982, taruma huchorwa mara moja na kuhifadhiwa kama bloku, kisha bloku hiyo hurudiwa juu ya mstari. Zipo amri mbili. Ya kwanza hugawa mstari katika sehemu sawa: ikiambiwa sehemu 100, huweka bloku 99 na kuziacha ncha mbili tupu. Ya pili hupima kwa mwanya uliotajwa: mstari wa mita 70.3 hupata bloku 100, mahali pa kuanzia hubaki patupu, na sentimita 30 husalia mwishoni.

Amri zote mbili humwuliza mchoraji kama bloku zigeuke kuufuata mstari. Akikataa, zote zitaelekea upande mmoja hata penye kona, na mchoro utaonyesha reli isiyoweza kujengwa. Kompyuta huondoa kosa la kijiti, lakini idadi na mwelekeo bado ni juu ya mtu.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wachore uwanjani, kwa kamba na kigingi, tao lenye nusu kipenyo cha mita 5. Kundi moja lipange vijiti 11 kwa kupima kila kimoja kutoka kwa kilichotangulia. Kundi la pili lipime vyote kutoka mwanzo, kwa utepe uliolazwa juu ya tao. Kisha kamba ivutwe kutoka kitovuni hadi kwenye kila kijiti, na vijiti visivyolala sambamba na kamba vihesabiwe.