Piza ya Mtaani Napoli

Katika mitaa ya kale ya Napoli, kusini mwa Italia, hakuna anayengoja siku ya kuzaliwa ndipo aende kula piza. Fundi wa gereji, mwanafunzi, wakili na bibi wa ghorofa ya juu hubanana kwenye meza ndogo, kila mmoja na piza yake nzima mbele yake. Kwetu, Dar es Salaam na Nairobi, chakula hiki kiliingia kama cha wenye nafasi, cha kupelekewa mtoto aliyefaulu mtihani. Kule kwao kilikuwa cha watu wa hali ya chini.

Katika karne ya 19 wauzaji walizunguka vichochoroni na chombo cha madini kichwani, ndani yake piza zikiwa bado za moto. Mteja alikatiwa kipande kinacholingana na senti zake. Ile nyepesi kuliko zote, marinara, mpaka leo ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni tu, bila jibini. Kisa cha Malkia Margherita kupikiwa piza mwaka 1889 husimuliwa sana, ingawa wapo wanahistoria wanaokitilia shaka. Mimi kinachonigusa zaidi ni habari za wanawake wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mji ulikuwa umepigwa mabomu na watu hawana kitu. Wanawake wakatenga karai la mafuta mlangoni pa nyumba zao za chumba kimoja, wakawa wanakaanga piza za kukunjwa. Asiye na pesa alikula leo akalipa baada ya siku nane. Desturi hiyo ikaitwa pizza a otto. Vittorio De Sica aliuonyesha ulimwengu huo katika filamu ya L'oro di Napoli, 1954, Sophia Loren akiigiza muuza piza. Aliyekulia karibu na duka lenye daftari la madeni atawaelewa wanawake hao mara moja. Humkopeshi mtu usiyemjua, na ukishamkopesha, habari zake zimekuwa zako.

Kazi yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu. Mpishi, pizzaiuolo, huchukua donge lililoumuka kwa saa nane au zaidi, akalibonyeza kwa ncha za vidole kuanzia katikati, hewa ikikimbilia pembeni. Hatumii mti wa kusukumia chapati, kwa maana ungeiua hewa hiyo. Humwagia nyanya kwa mzunguko, akaweka jibini na majani ya mrehani, kisha piza ikaingia katika tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 485 hivi. Haikai humo zaidi ya sekunde 90. Hutoka ukingo umevimba na kupata madoa meusi, katikati ikiwa laini na yenye majimaji. Mgeni hudhani imeungua pembeni na haijaiva katikati, kumbe ndivyo inavyotakiwa.

Huliwa kwa kisu na uma ingali moto, au hukunjwa mara mbili ukala umesimama barabarani. Mezani hakuna kujikalisha. Nje kuna watu wamekwisha kuandikisha majina yao na wanangoja, kwa hiyo ukimaliza unalipa na kuwapisha. Orodha ya vyakula nayo huwa fupi: mgahawa wa Da Michele, wa ukoo ulioanza kazi hii mwaka 1870, ulijipatia sifa kwa aina mbili tu, marinara na margherita. Ufupi huo ndio unaoharakisha kazi na kuzuia bei isipande.

Mwaka 2017 UNESCO iliingiza ufundi huu katika urithi wa binadamu, ukiwa na mafundi wapatao 3,000 mjini humo. Vijana huupata kwa kusimama kando ya tanuri na kutazama.

Sisi hatuna haja ya kuiga kila kitu. Forodhani, Unguja, watu wamekwisha kutengeneza piza yao, ya mayai na nyama ya kusaga ndani ya unga mwembamba, inayopikwa juu ya kikaango mbele ya mteja. Naiona iko karibu na Napoli kuliko nyingi zinazouzwa ndani ya majengo ya kifahari. Nawe unayetaka kufungua mgahawa wa piza mtaani kwako, punguza orodha, shusha bei, na uwajue wateja wako kwa majina.