Meza ya mvule iliyonirudia, na ninavyopasua mbao nene siku hizi

Wale mnaotengeneza meza, rafu na vibao vya kukatia na kuviuza mtandaoni, leo tuongee sisi.

Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa uso wa meza ya mvule, unene milimita 45. Nilikuwa nimetoka kununua msumeno wa reli, yaani ule msumeno wa umeme wa mkono unaoteleza juu ya reli ya alumini, unakata mstari ulionyooka bila kuwa na mashine kubwa ya mezani. Nikazamisha bledi yote mara moja, nikasukuma. Moshi! Ukingo ukaungua mweusi mwanzo hadi mwisho. Nikapiga msasa kidogo, nikapaka vanishi, nikatuma. Mteja akanitumia picha ya ukingo ule ule. Advansi nikairudisha yote, na kirikuu ya kwenda na kurudi nikalipa mimi.

Kosa la kwanza lilikuwa bledi. Inayokuja na mashine mara nyingi ina meno mengi, 48 hivi. Hiyo ni ya plaiwudi na ya kukata mbao kwa upana. Ukipasua mbao nene kwa kufuata nyuzi, vumbi linajaa kwenye meno, bledi inasugua badala ya kukata. Ya kupasulia ina meno machache, 12 hadi 24. Halafu mvule una siri yake: ndani huwa na vijiwe vya chokaa, huvioni mpaka bledi ipige kelele. Kwa hiyo bledi butu ni gharama ya kila oda. Iweke kwenye bei kama unavyoweka gundi na vanishi.

Kosa la pili ni haraka. Sasa napita mara tatu: ya kwanza milimita 15 hivi, ya pili 30, ya mwisho natoboa na kuzidisha kama 4. Reli yenyewe ina unene wake, karibu milimita 5, hivyo angalia kipimo cha mashine yako kama kimeshaihesabu. Reli naibana kwa klampu, haisogei mpaka pita la mwisho. Mashine za bledi ya milimita 160 au 165 nyingi huishia kama 55, ubao ukizidi hapo usilazimishe.

Ubao mgumu ukipasuliwa huweza kujifunga na kubana bledi, mashine ikakurukia. Hapo nazima, nasubiri bledi isimame kabisa, ndipo nachomeka kabari kwenye mpasuo nyuma yake. Chini naweka mbao za bei rahisi zishike pande zote mbili, kipande kisidondoke kabla hakijakatika.

Motor ikilegea sauti, punguza kusukuma. Kama bado imelegea, angalia ekstensheni: waya mrefu na mwembamba unapunguza nguvu ya umeme, unaunguza ubao na motor pia.

Barakoa msiache jamani, vumbi la mvule linawasha pua na wengine linawabana kifua.

Na siku hizi ukingo naupiga picha kabla ya vanishi, mteja anauona kwa karibu. Akiukubali namalizia, salio linaingia, ndipo naita kirikuu.