Viza ya Ufaransa: pesa ya kuazima haitakuokoa

Dada yako anaishi Lyon na amekualika siku 10. Poa sana! Lakini kabla ya kununua sanduku, tuongee pesa.

Ada ya viza ya muda mfupi ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari nayo lazima ifikie yuro 30,000. Halafu uonyeshe utajikimu vipi: ukilala hotelini, yuro 65 kwa siku, yaani 650 kwa siku hizo 10. Dada akikuchukulia cheti cha mwenyeji kwa ofisi ya meya wa mji wake, inashuka hadi 32.50 kwa siku. Bila hoteli wala cheti ni 120, kwa hivyo msumbue dada mapema.

Sasa, hapa ndipo watu hujichoma. Wiki moja kabla ya kupeleka karatasi unakopa marafiki, unajaza akaunti. Afisa haangalii salio tu. Anapitia miezi iliyopita, aone mauzo yanaingia lini na kodi ya nyumba inatoka lini. Laki mbili iliyotua jana bila maelezo inazua maswali. Kama ni zamu yako ya chama, ambatisha barua ya chama.

Na kama wateja hukulipa kwa simu, anza leo kupeleka mauzo benki kila wiki. Pakua pia taarifa ya akaunti yako ya simu, iende kama nyongeza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15.