Viwanja vya Mpira vya Uingereza: Kipi Kiko Juu, Kipi Kiko Chini?

Ni nadra siku hizi kuikuta nyumba isiyokuwa na kijana aliye hodari wa habari za mpira wa Uingereza. Mwulize nani alifunga bao na katika dakika ya ngapi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Juzi tuliwauliza vijana wetu jambo ambalo kwa sura yake ni jepesi: katika viwanja vyote vya ligi ya huko, ni kipi kilicho juu zaidi kutoka usawa wa bahari? Wakanyamaza wote, kisha mmoja akasema Wembley, kwa kuwa ni kikubwa. Basi tukaona si vibaya kuyaandika haya, kwani ndani yake mna mambo asiyoyatazamia mtu.

Katika viwanja 92 vya klabu za ligi, kinachotajwa kuwa juu kuliko vyote ni The Hawthorns, makao ya West Bromwich Albion. Kimo chake ni futi 551, yaani kiasi cha mita 168. Jina lake limetokana na vichaka vya miiba vilivyofyekwa mahali pale kabla ya kiwanja kufunguliwa mwaka 1900. Mtu wa Nairobi, ambaye hulala na kuamka juu ya futi 5,000, bila shaka atacheka akisikia kwamba huo ndio mwisho wa mlima. Naam, na acheke, lakini asiondoke bado.

Waingereza wengi, hasa wa kaskazini, wangeliapa kuwa kiwanja cha juu ni Boundary Park cha mji wa Oldham, maana baridi yake ni mashuhuri. Mtu hukaa pale amejifunika makoti mawili na meno yakimgongana. Lakini kipimo kinakitia Boundary Park chini ya The Hawthorns, kwa kuwa kina futi 509 tu. Tena elimu ya hewa yatufundisha kwamba joto hupungua kwa kadiri ya digrii sita na nusu kila mtu apandapo mita 1,000. Kwa hesabu hiyo, kiwanja chenye mita mia na hamsini na kitu hakizidi ubaridi wa pwani ila kwa kiasi cha digrii moja tu. Kinachowatetemesha watu wa Oldham zaidi ni upepo. Na atakaye kimo cha haki na atoke nje ya ligi hizo kubwa, aende Buxton katika jimbo la Derbyshire, ambako klabu ndogo ya mji huo huchezea kiwanja kiitwacho The Silverlands, kilicho kiasi cha futi 1,000 juu ya bahari.

Hata hivyo, mchezaji hapati faida wala hasara kubwa kwa futi hizo, kwa kuwa timu zote mbili zimesimama juu yake sawasawa. Futi zenye kuleta mambo ni zile zilizomo ndani ya kiwanja chenyewe.

Mji wa Yeovil, kusini-magharibi mwa Uingereza, ulikuwa na kiwanja kikiitwa Huish. Kiwanja hicho hakikuwa tambarare: upande mmoja ulikuwa juu ya wa pili kwa futi 8, hata mpira ulioachwa peke yake ungeweza kushika njia ukateremka. Wenyeji walikuwa wamezaliwa na mteremko huo. Tarehe 29 Januari 1949 wakaja Sunderland, timu ya daraja la kwanza yenye wachezaji walionunuliwa kwa fedha nyingi, kuwania Kombe la FA na hao wa Yeovil waliokuwa hawamo hata katika ligi. Alec Stock, aliyekuwa meneja na mchezaji pamoja, akafunga bao la kwanza. Sunderland wakasawazisha. Katika muda wa nyongeza, ukungu ukiwa umetanda, Eric Bryant akafunga la pili, na wakubwa wakarudi kwao wameshindwa 2-1. Magazeti yaliuzungumza sana mteremko ule. Sisi twaona si haki kuupa mteremko sifa yote, kwani haukufunga bao. Lakini raundi iliyofuata Yeovil walikwenda kucheza na Manchester United, mbali na kilima chao, wakafungwa 8-0. Huish kiliachwa mwaka 1990, na mahali pake pakajengwa duka kubwa.

Sasa tuteremke chini kabisa. Grimsby Town huchezea Blundell Park, kiwanja ambacho, ajabu ya kwanza, hakimo Grimsby bali katika mji jirani wa Cleethorpes. Hutajwa kuwa futi 2 tu juu ya usawa wa bahari, na Mto Humber unaingia baharini karibu yake. Katika pwani hiyo ya Lincolnshire watu hawacheki mtu akitaja futi mbili. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba iliisukuma Bahari ya Kaskazini ikapita kingo zake, na katika sehemu ya England peke yake watu 307 walikufa.

Wala maji hayaji kwa njia ya bahari tu. Carlisle United wana kiwanja chao, Brunton Park, kandokando ya mto Petteril. Januari 2005 mji ulifurika, watu watatu wakafa, na kiwanja kikazama. Wakajenga kingo. Desemba 2015 ikaja mvua kubwa zaidi, maji yakapita kingo hizo, na katika kiwanja yakapanda karibu na mtambaa panya wa goli. Majumba kwa mamia yaliharibika mjini, na timu ikawa mgeni katika michezo yake ya nyumbani: ikachezea Preston, Blackburn na Blackpool. Januari 2016 ndipo waliporudi Brunton Park, majani yakiwa mapya. Kabla ya mwezi kwisha wakawapokea Everton wa ligi ya juu katika Kombe la FA. Wakafungwa 3-0, lakini walifungwa kwao.