Juu ya nini piloti wa avio ndogo anakataa kuvuka milima?

Wengi wetu tumeshaona hii: mizigo imepimwa, watu wamelipa, juu kunaonekana safi, kiisha piloti anasema leo hatuendi. Watu wanakasirika. Lakini kwenye milima yetu, neno hilo linaweza kuokoa maisha.

Kwanza ni hewa. Kiwanja cha Kavumu, karibu na Bukavu, kiko kwenye meta zaidi ya 1700. Hewa ya pale ni nyepesi, karibu 15 kwa mia pungufu kuliko kule Moanda kwenye bahari. Motere inapoteza nguvu, mabawa yanabeba kidogo, avio inakimbia mbali zaidi mbele ya kupaa. Jua likiwaka, hewa inazidi kuwa nyepesi. Njo maana mzigo uliokubaliwa asubuhi unaweza kukataliwa saa nane za mchana.

Pili ni upepo. Unapanda upande mmoja wa mlima, unashuka upande wa pili. Avio ndogo ikiingia pale unaposhuka, inaweza kusukumwa chini haraka kuliko motere inavyoweza kuipandisha. Njo maana piloti wa milima anavuka mgongo wa mlima kwa mshazari, si moja kwa moja, ili ageuke haraka ikiharibika. Ndani ya bonde anapita pembeni, si katikati, abaki na nafasi ya kugeuza. Na bonde ambalo mawingu yamefunga mbele, haingii.

Haya hayafundishwi na kitabu peke yake. Anaruka kwanza na mwalimu, bonde kwa bonde, kiwanja kwa kiwanja. Viwanja vingine vya vijijini viko kwenye mteremko: unatua ukipanda, unapaa ukishuka, na ukishakaribia hakuna kurudi.

Kumbe mikono pia inasahau. Katika nchi nyingi, sheria inaomba piloti anayebeba watu awe amepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90. Lakini hizo mara 3 anaweza kuzifanya kwenye tambarare. Karatasi iko sawa, macho yamesahau mlima. Piloti mwenye akili, akikaa miezi bila kuruka milimani, anarudi kwa mwalimu, hata kama ana saa elfu.

Tarehe 1/9/2008, avio ya misaada iliyotoka Kisangani iligonga mlima karibu na Bukavu, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 17 walikuwa ndani. Hakuna aliyepona.

Basi piloti akisema tungoje kesho asubuhi, tusimwite mwoga. Na kwenye mizani, tuseme kilo za kweli.