Sukari ya Usiku Baada ya Kilomita 200

Kila majira ya kuchipua, baridi ya Ulaya inapoanza kulegea, waendesha baiskeli wa Ufaransa huondoka alfajiri kwenda safari ndefu ziitwazo brevet. Si mashindano, wala hakuna mshindi. Msafiri hupewa kadi ya kugongwa mhuri katika vituo vya njiani, na kwa kilomita 200 hutakiwa afike katika muda wa saa 13 na dakika 30. Chama cha Audax Club Parisien kimezisimamia safari hizi tangu 1921. Njia zake hupendelea barabara nyembamba za mashambani, katikati ya ngano changa, ambako magari ni machache.

Je, mtu anayetumia insulini aweza kuiendea safari kama hiyo? Aweza. Team Novo Nordisk, timu ambayo waendeshaji wake wote wana kisukari aina ya kwanza, imewahi kushiriki Milano–Sanremo, mashindano ya Italia ya mwezi Machi yenye karibu kilomita 300. Kumkataza mgonjwa moja kwa moja ni jibu rahisi. Kwa maoni yangu, si jibu la kitabibu.

Hatari ya njiani inajulikana. Msuli unaofanya kazi huchukua glukosi hata insulini ikiwa kidogo. Kongosho zima hupunguza insulini papo hapo, lakini iliyokwisha kudungwa haipunguziki. Kwa hiyo msafiri hupunguza dozi mapema kwa mpango aliokubaliana na mtoa huduma wake, hupima mara kwa mara, na hula wanga gramu 30 hadi 60 kila saa. Asidunge pajani asubuhi hiyo, maana mguu unaokanyaga pedali huharakisha insulini kuingia katika damu. Baridi nayo hudanganya: vidole vikitetemeka, ni kipimo tu kitakachosema kama ni hali ya hewa au ni sukari iliyoshuka.

Hatari inayosahaulika huja baiskeli ikiwa imekwisha kuegeshwa. Msafiri amefika, ameoga, amekula. Misuli na ini, vilivyotumia akiba yao ya glaikojeni, huendelea kuivuta glukosi kutoka katika damu kwa saa nyingi, pengine kupita 24, na insulini hufanya kazi kwa nguvu kuliko kawaida. Mvinyo wa kujipongeza huzidisha tatizo, kwa kuwa pombe hulizuia ini kutengeneza glukosi mpya. Sukari yaweza kushuka usiku wa manane, na aliyelala huenda asiamshwe na dalili zake.

Hayo hayamhusu Mfaransa peke yake. Mkulima wetu anayetumia insulini au glibenklamaidi, naye akaendesha baiskeli mchana kutwa kwenda mnadani na kurudi, ana misuli ile ile. Aulizwe kliniki atalala vipi, si atasafiri vipi tu. Apime kabla ya kulala na tena usiku, ale chakula chenye wanga, na dozi ya jioni ijadiliwe mapema. Kipimo kikiwa chini ya 4 mmol/L, anywe sukari vijiko vitatu vya chai katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Anayelala naye nyumba moja afahamu pia kwamba asiyeweza kumeza hanyweshwi chochote: hulazwa ubavu na kupelekwa hospitali usiku huo huo.